AC ya gari inatoa hewa ya moto: kabla hujajaza gesi

Gesi ya AC ya gari haitumiki ikaisha. Petroli inaungua, pedi za breki zinalika, lakini gesi ya AC inazunguka tu ndani ya mfumo uliofungwa, ile ile, mwaka hadi mwaka. Ikipungua maana yake imetoka, na kama imetoka ipo sehemu inayovuja. Ndiyo maana mtu anajaza gesi Desemba, kaskazi ikianza kuwaka Dar es Salaam, na Februari anarudi kwa fundi yule yule na lalamiko lile lile. Alilipia gesi, tundu likabaki pale pale.

Tuwe wa haki: mabomba ya mpira na sili ya shafti ya kompresa, pampu inayosukuma gesi, hupenyeza kidogo kidogo hata kwenye gari lisilo na hitilafu. Gari lililotoka Japani likiwa na miaka kumi na kitu na ambalo AC yake haijawahi kuguswa linaweza kweli kuwa limepungukiwa. Mwenye gari hilo ajaziwe, wala hajaibiwa. Lakini gesi inayokata ndani ya miezi michache haijapenyeza, imevuja. Na tukumbuke kwamba AC nyingi zinazotoa hewa ya moto hazina shida ya gesi kabisa: ni feni iliyokufa, klachi isiyoshika, au kijimlango cha plastiki nyuma ya dashibodi. Gari la namna hiyo ukiliongezea gesi unaliharibu zaidi.

Hebu tuone kwanza baridi inatoka wapi. Ukipakwa spiriti mkononi kabla ya sindano unahisi ubaridi, kwa sababu spiriti ikigeuka mvuke inachukua joto la ngozi yako. AC inafanya hivyo hivyo bila kupumzika. Magari mengi tunayoendesha hutumia gesi iitwayo R-134a, ambayo ikiachwa wazi inachemka kwenye nyuzi joto 26 chini ya sifuri. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, inaivuta na kuikandamiza mpaka inakuwa ya moto sana. Inapita kwenye kondensa, ile ambayo wengi huiita rejeta ya AC, iliyokaa mbele ya rejeta ya maji. Hapo inapulizwa na feni, inatoa joto lake nje na kuwa kimiminika. Inapita draya, inayochuja uchafu na kunyonya unyevu, halafu inabanwa kwenye tundu dogo la valvu ya kupunguza presha. Ikishavuka tundu hilo presha inaanguka ghafla, na kimiminika kinaanza kuchemka ndani ya evapoleta, koili iliyojificha chini ya dashibodi. Blowa, feni ya ndani ya gari, inapitisha hewa kwenye koili hiyo, joto la hewa linachukuliwa, na wewe unapulizwa baridi usoni. Gesi inarudi kwa kompresa, safari inaanza upya.

Kwa hiyo AC haitengenezi baridi. Inabeba joto kutoka ndani ya gari na kulimwaga nje, na karibu kila ugonjwa wake utauelewa ukijiuliza safari hiyo imekatika wapi.

Anza na masikio na vidole

Washa gari, washa AC, weka joto la chini kabisa, blowa juu kabisa, na hewa izunguke ndani badala ya kuvutwa kutoka nje. Jambo la mwisho hilo watu hulisahau: kitufe kikiwa kwenye hewa ya nje, saa saba mchana, AC inahangaika kupoza hewa yote ya barabarani na utadhani imekufa.

Je, upepo unatoka kwa nguvu? Kama unatoka kwa kuzimia, usizungumzie gesi bado. Angalia filta ya hewa ya ndani, ambayo kwenye magari mengi ya Kijapani ipo nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Inatoka bila zana yoyote. Nimeona filta ambazo hazikubadilishwa tangu gari lishuke bandarini, zimejaa majani, manyoya na vumbi hadi ukiziangalia juani hazipitishi hata mwanga. Ila usikubali fundi akwambie aitoe moja kwa moja "ili upepo upite". Upepo utapita kweli, na vumbi litakwenda kuganda kwenye evapoleta yenye unyevu, na kuisafisha huko kunaweza kumaanisha kubomoa dashibodi nzima.

Upepo una nguvu lakini ni wa moto? Nenda mbele, fungua boneti, umwombe mtu abonyeze kitufe cha AC huku unasikiliza. Kwenye magari mengi utasikia mlio mfupi, "tak", na utaona bamba la mbele la kompresa, ambalo lilikuwa limesimama huku puli ikizunguka, linashikana nayo na kuzunguka. Hiyo ni klachi ya sumaku. Injini nayo itazama kidogo kwa sababu imepewa mzigo. Kama hakuna tak na bamba limesimama, kompresa haijaingia, na hakuna kiasi cha gesi kitakacholeta baridi mpaka ujue kwa nini. Tahadhari moja: baadhi ya magari mapya yana kompresa isiyo na klachi kabisa. Puli na shafti huzunguka muda wote, na valvu ya umeme ndiyo inayoamua kompresa isukume kiasi gani. Kwenye hayo, kutosikia tak hakuna maana yoyote.

Kompresa ikikataa kuingia, sababu ni chache. Fyuzi au rilei (swichi ndogo ya umeme), ambazo ni kazi ya dakika tano na mara nyingi unaweza kubadilishana rilei na nyingine inayofanana kwenye boksi lile lile kupima. Au gesi imepungua kiasi kwamba swichi ya presha imekata umeme makusudi, kuilinda kompresa. Au klachi yenyewe imechakaa: nafasi kati ya bamba na puli, ambayo kawaida haifiki hata milimita moja, imepanuka. Huyu wa mwisho ana tabia yake. Asubuhi anashika vizuri. Mchana boneti ikipata moto, koili ya sumaku inadhoofika, bamba linaachia, na hewa inageuka moto. Jioni kukipoa anarudi kazini. Dereva anaapa gesi "inakwenda na kurudi". Wakati mwingine dawa yake ni kutoa kipete chembamba cha chuma (washa) nyuma ya bamba ili nafasi ipungue, wala kompresa haiguswi.

Kuna ujanja mmoja wa gereji ambao siupendi hata kidogo: kuiunganisha swichi ya presha kwa kipande cha waya ili kompresa iingie kwa nguvu. Kwa sekunde chache za kupima, fundi anayejua anaweza kufanya. Kumrudishia mteja gari likiwa hivyo ni kumwekea bomu kwenye mfuko. Oili inayolainisha kompresa husafiri na gesi; gesi ikiwa kidogo, oili hairudi, vyuma vinasagana, na vumbi la chuma linasambaa mpaka kondensa na valvu. Hapo hununui kompresa tu, unanunua mfumo.

Kama kompresa imeingia, gusa mabomba mawili ya AC yanayoingia kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi, mbali na feni na mkanda. Bomba nene linapaswa kuwa baridi na kutoka jasho. Lile jembamba huwa la uvuguvugu au la moto. Bomba nene likiwa baridi kweli kweli, na bado ndani unapulizwa moto, basi AC ni nzima. Simama hapo hapo, gari lina tatizo jingine.

Tatizo hilo huwa ni mlango wa kuchanganya hewa. Ndani ya dashibodi, hewa iliyopozwa inaweza kupitishwa kwenye hita au kuikwepa, na mlango mdogo wa plastiki ndio unaoamua. Magari ya zamani huuvuta kwa waya, mapya kwa mota ndogo. Waya ukichomoka au meno ya mota yakivunjika, mlango unabaki umeelekea hita, na hewa yako baridi inakwenda kupashwa moto na maji ya injini kabla ya kukufikia. Zungusha joto kutoka baridi hadi moto huku umeinamisha sikio dashibodi: ukisikia tiktiktik au kimya kabisa, na hewa haibadiliki, umemkamata. Fundi makini anaweza kuthibitisha kwa kuyabana kwa muda mabomba ya maji yanayokwenda kwenye hita. Hewa ikianza kupoa, hukumu imetoka. Gari lenye baridi upande wa dereva na moto upande wa abiria nalo lishukiwe hapa kwanza, ingawa upungufu wa gesi pia huweza kuleta tofauti ya aina hiyo.

Dalili nyingine ya bure: maji chini ya gari. Kwa unyevu wa Dar, Tanga au Mombasa, AC inayofanya kazi lazima idondoshe maji baada ya muda. Kukiwa kukavu baada ya nusu saa, evapoleta haipoi, au mrija wa kumwaga maji umeziba, na hapo kapeti ya abiria itakueleza.

Ugonjwa wa foleni

Baridi safi ukitoka Kibaha kwa mwendo, ukifika kwenye foleni ya Ubungo hewa inageuka uvuguvugu, ukiondoka inapoa tena. Dalili hii inaelekeza mahali pamoja: joto halitoki kwenye kondensa. Gari likitembea, upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni. Likisimama, feni peke yake ndiyo tegemeo, na kama mota imekufa, rilei imeungua, au mapezi ya kondensa yamejaa tope na wadudu, presha inapanda na baridi inakufa.

Kupima ni rahisi. Gari likiwa limesimama na AC imewashwa, feni ya kondensa inapaswa kuzunguka. Halafu mwagia kondensa maji kwa mpira, taratibu, kwa mbele. Hewa ya ndani ikianza kupoa ndani ya dakika moja mbili, gesi ipo na kompresa ni nzima. Shida ni upepo au uchafu. Na kama mshale wa joto la injini nao unapanda, zima AC. Magari mengi hukata kompresa yenyewe injini ikichemka, na hapo anayetakiwa ni fundi wa rejeta.

Anafanana na huyu, lakini si ndugu yake, yule ambaye anapoza vizuri kwa saa nzima safarini, kisha upepo wenyewe unapungua nguvu mpaka karibu kukata. Unazima AC kwa dakika kumi, inarudi. Hiyo ni barafu iliyoziba evapoleta: filta chafu, kipima joto cha evapoleta kibovu, au gesi pungufu.

Geji zinasema nini

Hatua hii inahitaji fundi, ila mwenye gari akiielewa hadanganywi ovyo. Geji ya bluu inapima upande wa presha ndogo, nyekundu upande wa presha kubwa. Watu huzitazama kama kipimo cha gesi kwenye mtungi wa jikoni, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Kila presha ya R-134a ina joto lake la kuchemka: psi 28 (psi ni kipimo cha presha) ni nyuzi 0, psi 45 ni nyuzi 10 hivi. Kwa hiyo geji ya bluu, kompresa ikizunguka, inakwambia evapoleta ina joto gani, na nyekundu inakwambia joto la kondensa. Psi 200 ni kama nyuzi 55. Psi 300 ni kama nyuzi 70.

Kwa siku ya nyuzi 30 na kitu, mfumo usio na kasoro huonyesha bluu kati ya psi 25 na 45, nyekundu kati ya 200 na 250, mara nyingine zaidi kidogo. Zote mbili zikiwa chini, gesi ni pungufu. Zote zikiwa juu, ama feni na kondensa hazitoi joto, ama gesi imezidi, ama kuna hewa ndani. Na huyu ndiye anayeongezewa gesi kimakosa, kwa sababu dalili ya ndani ya gari ni ile ile, moto. Bluu ikizama hadi chini ya sifuri huku nyekundu haipandi, kuna kuziba, mara nyingi kwenye valvu. Na zikikaribiana, bluu juu na nyekundu chini, kompresa haisukumi.

Geji zikiunganishwa gari likiwa limezimwa, presha haisemi kiasi cha gesi. Kwa nyuzi 30 utasoma psi 97 hivi, mfumo ukiwa umejaa au ukiwa na nusu, ilimradi kuna tone la kimiminika ndani. Fundi anayetazama geji injini ikiwa kimya na kutamka "gesi ipo ya kutosha" anakisia.

Ndiyo maana gesi hupimwa kwa mizani. Chini ya boneti kuna kibandiko kinachotaja aina ya gesi na gramu zake. Magari madogo mengi yapo kati ya gramu 350 na 550, na ruhusa ya kukosea ni gramu chache tu. Kuongeza "mpaka baridi ije" kunaweza kuvuka kipimo bila mtu kujua.

Kazi kamili huanza na kutafuta tundu. Oili hutoka pamoja na gesi, kwa hiyo kiungo chenye mafuta yaliyonasa vumbi kinajitaja chenyewe. Wahusika wa kawaida ni oringi (pete za mpira) za viungo, valvu za kujazia, kondensa iliyopigwa na kokoto, sili ya mbele ya kompresa, na evapoleta. Povu la sabuni hukamata tundu kubwa. Kwa dogo kuna rangi inayong'aa chini ya taa ya bluu na kuna kifaa cha kunusa. Presha ya kupimia iwe ya naitrojeni kavu. Upepo wa kompresa ya matairi una unyevu, na R-134a ikichanganyika na hewa nyingi chini ya presha inaweza kushika moto, japo yenyewe haiungui kirahisi. Yale makopo ya dawa ya kuziba tundu yaache dukani: inayoziba tundu huziba na valvu.

Baada ya kurekebisha, mfumo unavutwa hewa kwa pampu ya vakyumu, angalau nusu saa. Vakyumu inaondoa hewa, na inachemsha maji yaliyobaki ndani ili yatoke kama mvuke, maana maji yakikutana na oili na gesi hutengeneza asidi inayokula vyuma. Pampu ikizimwa, mshale ukae palepale. Ukipanda, bado kuna tundu. Mfumo uliokaa wazi, kwa mfano baada ya ajali, ubadilishiwe draya. Na ukinunua kompresa ya mtumba, Gerezani ya Dar au Grogan ya Nairobi, mwambie fundi amwage oili yake na kuitazama kabla ya kuifunga. Ikiwa nyeusi au ina vumbi la fedha, irudishe.

Neno kuhusu mtungi wenyewe. R-12, gesi ya AC ya zamani, iliachwa kufuatia Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu ilikuwa inatoboa tabaka la ozoni, na watengenezaji magari wakahamia R-134a miaka ya mwanzo ya 1990. Hii haigusi ozoni, lakini inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja ya kaboni dayoksaidi kwa uzito ule ule. Ndiyo sababu makubaliano yaliyofikiwa Kigali Oktoba 2016 yanataka jamii hii ya gesi ipunguzwe, na ndiyo sababu kuifungulia hewani, "pssss" uani kwa gereji, si jambo la kuchekea. Ulaya magari mapya yameihama tangu 2017, mengi yanatumia R-1234yf, ghali na yenye mdomo tofauti wa kujazia. Ukinunua gari la huko, soma kibandiko kabla ya kukubali chochote.

Gesi feki nayo ipo. Mwaka 2011 makontena ya friji yalilipuka Vietnam na Brazil na kuua mafundi. Chanzo kilikuwa gesi iliyouzwa kama R-134a lakini ikiwa imechanganywa na kloridi ya methili, ambayo ikikutana na aluminiamu hutengeneza kemikali zinazowaka zikigusa hewa. Kondensa na evapoleta za gari lako ni aluminiamu. Mtungi usio na lebo, au wenye bei ya ajabu, si wa kujaribia bahati.

Mwisho ni wenye haibridi, magari ya injini na mota ya umeme, ambao wameongezeka sana barabarani. Kwenye Aqua, Prius na wenzao, kompresa haizungushwi na mkanda. Ina mota yake inayopata umeme wa volti kubwa kupitia nyaya za rangi ya chungwa, na mota hiyo inaogelea ndani ya oili ya AC. Oili ya kawaida ya kompresa za mkanda, PAG, inapitisha umeme. Haibridi inahitaji POE isiyopitisha. PAG kidogo tu ikiingia inaharibu uzuiaji wa umeme, kompyuta ya gari inagundua umeme unavuja, na gari linaweza kukataa kuwaka kabisa, si AC peke yake. Kwa hiyo kumuuliza fundi anatumia oili gani hakutoshi. Muulize pia mabomba ya geji zake yalitoka kwenye gari gani, kwa sababu oili ya gari lililopita hubaki ndani ya mabomba hayo, na ikisukumwa na gesi mpya ndiyo inayotangulia kuingia.